Swali la Minazi

Abdulcarimo hakwenda shuleni kusikiliza. Alikwenda kufukuza. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na tangu mwaka uanze alikuwa amemkalia kooni mwalimu wa hesabu, Vitória, msichana wa Kimakonde kutoka bara, Mkristo, asiyejua kufundisha kama wanavyofundisha watu. Mara aingie darasani na samaki mbichi, aulize kichwa cha nani, mkia wa nani. Mara awape watoto kamba wapime kuta. Kwanza mchezo, ndipo hesabu! Watoto wa Palma wamepoteza miaka kwa vita, halafu wanachezeshwa? Leo angeyaona kwa macho yake, na kesho mkuu wa shule angeyasikia kwa kinywa chake. Binti arudi kwao Mueda.

Alikaa nyuma kwenye deski la watoto, magoti juu, ndita usoni. Mbele yake alikaa Wahida, binti wa marehemu mdogo wake Faquir. Hawakusalimiana.

Faquir alifia ukimbizini, akaacha shamba la minazi Quionga. Abdulcarimo alitangulia kwenda kulitazama, akarudi na sauti ya msiba kumwambia mjane, Saquina, kwamba moto umebakiza minazi minane tu. Akaigawa kwa sheria, mbele ya shehe: mmoja wa mke, minne ya binti, mitatu yake. Watu wakamsifu. Moto haukufika shambani kabisa, lakini hilo alilijua yeye na Mungu wake, na kila Saquina alipotaka kwenda Quionga aliambiwa njia mbaya.

Vitória aliingia mikono mitupu.

"Leo sina samaki," alisema, akimkazia macho mzee wa nyuma. "Leo nina msiba. Mtu amefariki. Ameacha mke, binti mmoja na kaka yake. Mke sehemu moja ya nane, binti nusu, kaka kinachobaki. Hayo mlinifundisha wenyewe, nyinyi wa madrasa."

Mkristo na mirathi! Abdulcarimo alitaka kunyanyuka palepale, akajizuia. Acha ajichimbie kaburi.

"Ameacha minazi ishirini na minne."

Damu ikampanda kichwani. Alisimama kwa kishindo, deski likapinduka.

"Nani kakutuma? Nani kakupeleka Quionga kuhesabu minazi yangu? Saquina, siyo? Sema, professora! Nani kakwambia ni ishirini na minne?"

Vitória alibaki na chaki mkononi, hajaelewa.

"Mzee, mimi Quionga sijafika. Nimechagua ishirini na nne kwa sababu inagawanyika kwa nane na kwa mbili. Ni namba tu."

Hakuna aliyemchongea Abdulcarimo. Alikuwa amejichongea mwenyewe, mbele ya watoto wa mji mzima, na alimchukia mwanamke yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu, zaidi kwa kuwa hakuwa na kosa.

Wahida alikuwa amekwisha simama. Alikwenda mbele, akaichukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: mke mitatu, binti kumi na miwili, kaka tisa.

"Mimi na mama ni kumi na mitano," alisema. "Baba mkubwa, ulitupa mitano."

"Kaa chini, mwanangu. Tutazungumza nyumbani."

"Inabaki mingapi?" Vitória aliliuliza darasa. Sasa alikuwa ameelewa, na sauti yake haikuwa na huruma hata chembe.

"Kumi!" watoto wakaitikia kwa pamoja, na madirisha yalikuwa wazi.

Wahida aliitupa chaki, akatoka mbio kwenda kwa mama yake. Abdulcarimo akamfuata, lakini Vitória alikuwa amesimama mlangoni.

"Kaa, mzee," alisema. "Si ulikuja kutazama somo? Huu ulikuwa mwanzo tu."