Kiyoyozi cha Mudrik

Mudrik alipolitundika lile kasha ukutani, mtaa mzima wa Kiponda ulisimama kutazama. Kasha la nje la kiyoyozi, jeupe, alilolipata bure kwenye hoteli moja ya Kiwengwa walipokuwa wanatupa vibovu. Ndani hamna kitu, hata waya. Lakini mpita njia atajuaje? Tangu siku hiyo madirisha ya njiani yakawa marufuku, maana nani aliyeona nyumba ya kiyoyozi ikaacha madirisha wazi? Joto la Februari, watu wanalala wanatota jasho, na bwana mkubwa anashinda barazani akiwalalamikia majirani kuwa baridi ya ndani inamtia mafua.

Mafua! Riyama, mkewe, aliyasikia hayo huku anajipepea kwa hasira. Ila wiki ile alikuwa na kubwa zaidi. Binti yao, Ulfat, alimtaka Suhail wa Bububu, Suhail anamtaka yeye, na mama wa kijana, Bi Mwanapili, anakuja kuwatazama kabla ya kuleta posa. Riyama hakutaka mgeni azimie sebuleni kwake.

Basi alfajiri mama na binti wakafungua madirisha yote ya uani, yasiyoonekana njiani. Ya upande wa jua wakayabana. Wakakunja mazulia, wakatandika mikeka, na Ulfat akawa anamwagia maji mawe ya uani kila yakikauka. Kufika alasiri upepo ukawa unapita sebuleni taratibu, umepoa.

Bi Mwanapili aliingia na dada yake, akashusha buibui mabegani, akashusha pumzi.

"Ndiyo raha ya kile kiyoyozi tulichokiona nje?" Akanywa sharubati yake, kisha akamgeukia mwenyeji kwa upole. "Bi Riyama, tusifichane. Sisi tuna bati na feni moja, nayo inanguruma. Mtoto aliyezoea hivi hatutomuweza. Kesho atarudi kwenu na begi lake, tuchekwe."

"Hakuna kiyoyozi, dada yangu. Lile kasha tupu. Huu ubaridi ni maji na madirisha, na aliyemwaga maji ni Ulfat mwenyewe."

Bi Mwanapili akacheka kidogo. "Unatustahi tu, mwenzangu."

Hapo Mudrik akaingia kutoka barazani.

"Baba Ulfat," Riyama akamwambia mbele ya wageni, "waambie mwenyewe. Posa ya mwanao inaondoka kwa ajili ya lile kasha."

Mudrik akamtazama mkewe. Akalitazama pazia ambalo nyuma yake Ulfat alikuwa amesimama. Akawatazama wageni wanaomngoja, akakohoa.

"Mke wangu anapenda mzaha," akasema. "Leo tumekipunguza, kwa heshima yenu."

Bi Mwanapili akaaga kwa adabu zote, neno la posa hakulitaja. Ulfat akaangua kilio na wageni bado wako ngazini. Riyama akamkumbatia.

Mudrik akarudi kutoka kuwasindikiza, anatabasamu.

"Lakini umeona?" akamwambia mkewe. "Wameamini."