Fungu la Jumamosi

Kule mtaa wa Baba Dogo, chini ya viwanda, wanawake wanaolima kando ya mto walikuwa na desturi yao. Kila Jumamosi wakishamaliza kumwagilia, kila mmoja alichuma fungu la mboga za sukuma kwenye kipande chake akampa aliyepakana naye. Siku hiyo hakuna aliyebeba ya kwake kwenda nyumbani. Ilikuwa namna ya kuapa bila kushika Biblia: ninachowauzia watu, hata wewe jirani yangu nakulisha.

Kanyiva alipakana na Celine, mwenyekiti wa kikundi, ambaye wote walimwita Mama Jackton. Ndiye aliyempokea miaka mitatu iliyopita, Kanyiva akiwa hana kazi na mtoto mgongoni, akamkatia ardhi na kumwonyesha jinsi ya kuelekeza mpira wa pampu. Maji yalikuwa na rangi, leo kijivu, kesho zambarau, kutegemea ni kiwanda gani kimefungua mtaro. Mwanzoni Kanyiva aliyaogopa. Mama Jackton akamcheka, akamwambia maji ya mto yana nguvu, si kama ya mfereji yaliyochujwa yakabaki mepesi. Na kweli sukuma ilitoka na majani mapana kama sinia, wala mdudu hakuthubutu kuyatoboa. Mvua siku hizi haina adabu, inakuja ikitaka. Kwingine mboga zilikauka, kwao zilinawiri. Kanyiva akaamini. Ndinda, bintiye, akakulia mboga hizo tangu akiwa mgongoni.

Sasa Ndinda alikuwa na miaka minne na maneno yake bado ni ya kuhesabika. Tumbo halikuacha kumuuma. Kanyiva, mtu wa kutazama kuliko kusema, alimtazama mwanawe mwaka mzima asipate jibu.

Jumamosi moja, mafungu yakiwa yameshabadilishwa na wengi wameondoka, pampu ilikwama, naye akaenda kwa Mama Jackton kuazima spana. Akamkuta anakatakata sukuma ya mchana. Akakaribishwa, akakaa. Ndipo akayaona yale majani kwenye sinia: madogo, yamefifia, yana matundu ya wadudu. Mtu aliyechuma majani miaka mitatu huyajua kama anavyojua nyayo za mtoto wake. Hayo hayakuwa ya mtoni. Macho yakashuka hadi kwenye ndoo ya takataka, na humo, chini ya maganda ya viazi, lilikuwa fungu alilompa asubuhi ile ile, bado limefungwa kwa kitambaa chake cha manjano.

"Mama Jackton, hiyo sukuma ni ya wapi?"

"Ya sokoni. Leo nilitaka tu kubadilisha."

"Na yangu mbona iko kwa takataka?"

Celine aliendelea kukata kidogo, kisha akaweka kisu chini. Aliingia chumbani akarudi na barua iliyokunjwa mara nne. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamepima maji na majani, wakamletea yeye majibu kwa vile ndiye mwenyekiti. Kanyiva aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Shule yake iliishia darasa la nane, lakini maneno yalikuwa mepesi: madini ya risasi yamezidi, watoto wasile kabisa, barua isomwe mbele ya wanakikundi wote. Tarehe ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu uliopita.

"Hukuisoma," alisema.

"Ningeisoma, kesho yake tungefukuzwa mtoni. Wewe ungemlisha Ndinda nini?"

"Jackton wako amekuwa akila ya sokoni."

"Usiniangalie hivyo, Mama Ndinda. Viwanda si mimi niliyejenga."

"Kila Jumamosi ulinipa fungu," Kanyiva alisema. "Ukinipa kwa mikono miwili."

Kanyiva akaondoka bila spana.

Jumatatu aliamka nyumbani hakuna unga, na shambani mboga zimekomaa. Akajiambia ni siku hiyo moja tu, apate pa kuanzia. Akachuma, akapanga kwenye kibanda chake cha kuuzia mboga. Lydiah wa fleti za jirani, Mama Tiffany, mteja wake wa kila siku, alinunua mafungu mawili. Kanyiva alimfungia bila kumtazama usoni. Jioni akampikia Ndinda maharagwe.

Jumanne alishindwa kuuza tena. Alikaa kibandani meza ikiwa tupu hadi Lydiah alipokuja, amemshika Tiffany mkono.

"Kwani leo sukuma zimeenda ushago, kule kijijini, kusalimia nyanya yao?"

Kanyiva hakucheka. Alimwambia yote, maji, majani, barua na mahali ilikokuwa imefichwa. Alimwambia ampeleke mtoto akapimwe, hata yeye angempeleka wake siku hiyo hiyo. Lydiah alisikiliza hadi mwisho.

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

Lydiah aliitazama meza tupu.

"Na jana Ndinda alikula nini?"

Kanyiva angeweza kudanganya.

"Maharagwe," alisema.

Lydiah alimnyanyua Tiffany, msichana mkubwa wa kutembea mwenyewe, akamweka kiunoni kama mtoto mchanga. Akaenda kibanda cha kwanza akasimama, akaenda cha pili, akisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba ameuziwa sumu. Jina alilotaja lilikuwa la Kanyiva. La Celine halikuwemo, wala la kiwanda chochote.