Namba Moja, Boti Mbili

Niliyemfuta Watisoni kwenye mashine ni mimi. Sikuwa nimelewa, sikulazimishwa, wala hakuna mkubwa aliyeniamuru. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nimeshiba magimbi, napiga mluzi.

Kazi yangu ni kuangalia kompyuta za ofisi ya usajili wa boti ndogo hapa Levuka, mji wetu wa kisiwani. Kila boti ina mstari wake kwenye kanzidata: jina la boti, jina la mwenyewe, simu ya nyumbani, na namba ya kile kifaa cha njano cha kuitia msaada. Ukivuta kamba yake huko baharini, namba inaingia kwetu, na mlinzi wa redio anajua apige simu wapi.

Mashine isipate tabu ya kusoma mistari yote mmoja mmoja, tumeipa faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Na faharasa ya namba za vifaa ina sharti moja tu: namba isijirudie. Sasa mimi, mwezi uliopita, nilikuwa naingiza kumbukumbu za visiwa vingine. Nikaona lile sharti linanichelewesha, nikaizima faharasa. Nikasema nikimaliza nitaiwasha. Nikamaliza. Sikuiwasha.

Jumatatu hiyo Kamlesh, mlinzi wetu wa redio, akaanza kulalamika.

"Kaka, siku hizi nikitafuta namba moja, nakunywa chai na kuosha kikombe kabla mashine haijajibu."

"Kunywa polepole, mdogo wangu. Haraka ya nini?"

"Na siku mtu akizama, naye anisubiri nioshe kikombe?"

Nikaamuru faharasa ijengwe upya. Ikakataa, diski imejaa. Nikachungulia kilichoijaza, nikakuta mechi za raga, zote za Kamlesh. Nikaanza kufuta.

"Hata ile fainali, kaka?"

"Si timu yako ilipigwa? Nakupunguzia uchungu."

Nikaamuru tena. Safari hii ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ikasimama. Namba imejirudia, ikasema, na ikaitaja namba yenyewe. Nikatafuta mistari yenye namba hiyo, ikaja miwili. Mmoja boti ya Watisoni, mwingine boti ya Penaia.

Nikacheka, maana kisa nilikijua. Penaia alikuwa amemwendea Watisoni kwa kerekere, ile desturi yetu ya kuombana vitu, akamwomba kile kifaa. Ndugu akikuomba kwa kerekere hukatai; hapa shati lako linaweza kukupungia mkono barabarani likiwa mwilini mwa mtu mwingine. Penaia naye, muungwana, akaja ofisini kukiandikisha kwa boti yake. Faharasa ingekuwa macho ingemkatalia palepale, na sisi tungekaa tukaulizana. Lakini ilikuwa imelala, na aliyeilaza ni mimi.

"Mpigie Watisoni umuulize kifaa kiko kwa nani," Kamlesh akasema.

Nikapiga. Haipatikani. Watisoni ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na tangu tukiwa wadogo hatujawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Yuko shambani anapiga soga na magimbi yake," nikasema. "Ndiyo yenye akili sawa na zake."

"Basi subiri atoke huko."

"Nisubiri nini, Kamlesh? Aliyeandikisha mwisho ndiye anacho."

Nikaufuta mstari wa zamani. Faharasa ikajengeka bila kunung'unika. Nikamwambia Kamlesh ajaribu namba yoyote, na jibu likaja kabla hajaondoa kidole. Akanipigia makofi. Tukala roti zake za viazi.

Ambacho sikukijua ni kwamba jana yake, watu walipotoka kanisani, Penaia alikuwa amekirudisha. Watisoni hakukidai, kudai ingekuwa aibu. Penaia naye hakutaka ionekane amesubiri kukumbushwa. Akapita ufukweni peke yake, akakiweka kwenye boti ya mwenzake chini ya kiti, akaenda zake. Watisoni akakikuta, akanyamaza. Mambo hayo kwetu hayatangazwi. Nani angekuja ofisini kuandikisha kwamba amerudishiwa kitu chake? Hata Mereoni, mkewe Penaia, hakuambiwa. Mashine isingeweza kulijua hilo. Mimi ni mtu wa hapahapa, ningeweza.

Alhamisi mchana ishara ikaingia. Ilikuwa hafifu, betri ya kile kifaa ilishazeeka. Ikalia kidogo, ikakatika kabla setilaiti hazijaona inatoka wapi. Lakini namba ilifika nzima. Kamlesh akaiandika, na faharasa yangu ikajibu papo hapo: Penaia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nakumbuka nilijisikia fahari.

Akapiga simu, sote tunasikia. Akapokea Mereoni.

"Bula, dada. Naulizia boti yenu, iko baharini?"

"Baharini wapi? Hii hapa nje, kuku wangu wametaga humo."

"Na mwenyewe?"

"Huyu hapa anakoroma. Nimwamshe? Ukimwamsha utamlisha wewe."

"Hapana, mwache. Kile kifaa chenu cha njano kimetuita."

"Watoto hao! Ngoja niwachape."

"Usiwachape, dada. Waambie tu wakizime."

"Watoto," nikamwambia Kamlesh, kama vile hakusikia mwenyewe. Akaandika kwamba ni bahati mbaya, hakuna hatari. Tukaendelea na kazi.

Jua likiwa linashuka, Vasemaca akaingia ofisini. Ni mke wa Watisoni. Hakukaa.

"Shemeji, binamu yako hajarudi."

"Atakuwa anatafuta samaki mjinga kumzidi."

Siku zote hucheka. Hakucheka.

"Alisema chakula cha mchana atakula nyumbani. Sahani yake bado nimeifunika."

"Ana redio?" Kamlesh akauliza.

"Ile ndogo ya mkononi. Na cha njano anacho, nilimwona asubuhi anakifunga kwenye kiti."

"Cha njano si kiko kwa Penaia?"

"Kilirudi Jumapili."

Kamlesh akanigeukia. Mimi sikumtazama. Nikavuta kiti, nikaandika jina la Watisoni. Mashine ikajibu haraka sana. Hakuna kumbukumbu.

Vasemaca alikuwa ameinama begani kwangu, anasoma.

"Hayumo?"

"Hayumo."

"Haiwezekani. Tulikuja wote kumwandikisha. Wewe mwenyewe ukamcheka, ukasema sahihi yake kama kuku amekanyaga wino."

"Alikuwemo. Mimi ndiye niliyemtoa."

Nikamweleza. Maneno yalitoka hovyo, mara faharasa, mara namba kujirudia, mara diski, vitu ambavyo sijui kwa nini nilimtajia mtu aliyesimama vile. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kwa hiyo mchana aliita," akasema.

"Aliita."

"Na nyie mkampigia Mereoni."

Habari zilipofika ufukweni, Penaia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusukuma boti majini. Mayai ya kuku wa mkewe aliyatupa mchangani bila kuangalia yanapoangukia. Boti nyingine zikamfuata, na kulipokucha ikaja ndege. Leo ni Jumamosi. Mpaka sasa wameokota dumu la mafuta nje ya mwamba wa matumbawe, lina jina la Watisoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwakubwa. Penaia amelileta mwenyewe, akaliweka mlangoni kwetu, akajaza mafuta mengine, akarudi majini. Hajaniuliza kitu.

Mstari wa Watisoni nimeurudisha, nimeutoa kwenye nakala ya akiba. Kabla haujaingia ilinibidi niizime tena faharasa. Baadaye nikaiamuru ijijenge, ikakataa kwa neno lilelile, namba imejirudia. Ningeweza kumtoa Penaia, mambo yakanyooka. Sikumgusa. Nimeiacha imevunjika hivyohivyo. Mashine imerudia uvivu wake. Kamlesh anakunywa chai, anaosha kikombe, halalamiki.

Vasemaca yuko kwenye kile kiti cha wageni karibu na dirisha. Tumempa chai, imepoa. Kamlesh ameita kwenye redio mpaka sauti imemkauka, kwa utaratibu wote aliofundishwa, jina la boti, jina la kituo, subiri, rudia. Asubuhi hii Vasemaca akaniambia, bila kugeuza kichwa kutoka dirishani, "Mume wangu hamjui huyo kijana. Sauti yako anaijua. Mwite wewe."

Kamlesh akaniachia kiti. Nikashika redio, nikaanza kwa utaratibu, nikashindwa.

"Watisoni. Ni mimi, binamu. We mwizi wa magimbi, nimeshakuandika tena. Umo. Boti yako imo, simu ya nyumbani imo, na ile sahihi yako ya kuku ipo kwenye jalada. Rudi unitukane mbele ya watu wote, sitajibu hata neno moja. Kama umechoka usiseme kitu. Bonyeza tu kitufe, nisikie mkwaruzo. Mkeo yuko hapa, anasikiliza. Bonyeza, Watisoni. Mara moja tu, bonyeza."