Nyumba ya Mlango Mmoja

Mwalimu wa jiografia akijenga nyumba ya magogo, ujue ameiona kwenye simu. Mimi niliiona. Nikanunua nguzo za mikaratusi, nikazipeleka kwenye kiwanja changu ng'ambo ya Bunju, huko ambako hata bodaboda wanakuuliza mara mbili kama una uhakika, kisha nikawatangazia mke wangu Sekela na kaka yake Asifiwe kwamba Jumamosi zao zimekwisha.

Sababu yangu ilikuwa moja. Baba yangu, kule Tukuyu, amejenga nyumba tatu kwa mikono yake, na tangu utotoni ananiambia yangu ni ya kushikia chaki. Niliapa atakuja alale kwangu, na maneno yake atayameza.

Siku ya kwanza nilijigonga kidole gumba kwa nyundo. Ya pili nikajigonga kingine. Tangu hapo Sekela akashika shoka na msumeno, Asifiwe akabeba, mimi nikasimamia, yaani nikapiga picha. Ramani tu ndiyo ilikuwa yangu: chumba kimoja, mlango mmoja na kidirisha.

Tulipomaliza, baba akaja. Nilimtangulia nikiwa nimevimba kichwa. Alipofika mlangoni akamsikia Sekela ndani anasonga ugali. Akakohoa, akaipa nyumba mgongo.

Hapo ndipo nilipokumbuka mila za kwetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, wala hawakai chumba kimoja, na baba hajawahi kulegeza hata siku moja. Nyumbani kwetu Sinza tulikuwa tunamudu kwa sababu ya mlango wa jikoni. Hapa Sekela hakuweza kutoka bila kupishana naye, na mzee hakuweza kuingia.

"Sekela apite dirishani," nilinong'ona.

"Dirisha lenyewe hili? Hata kuku hapiti, shem," Asifiwe akanijibu.

"Nileteeni msumeno," baba akasema.

Akazunguka nyuma, akavua koti, na kwa saa nzima akakata mlango wa pili kwenye ukuta wangu. Akarudi mbele, Sekela akatokea nyuma, ndipo mzee akaingia. Alipapasa magogo, akakagua yanavyoshikana kwenye pembe.

"Kazi safi. Nani kajenga?"

Sekela alikuwa nje, anasikia kila neno, na hakuruhusiwa kumjibu mkwe wake. Ningeweza kusema lolote nililotaka.

"Sekela, baba. Na kaka yake."

"Na wewe?"

"Nilipiga picha."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha baba akapaza sauti kuelekea ule mlango mpya, ingawa mimi nilikuwa mbele yake.

"Mwambie mkwe wangu, nyie mkirudi Sinza, mimi nabaki kulala kwake."

"Mwambie baba karibu sana," Sekela akaitika kutoka nje.

Nikasimama katikati, nikifikisha maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia, na machozi yananitoka.