Mifereji Ndani ya Diski

Ernesta Mrindoko alikuwa mchora ramani katika shamba la mkonge, hadi shamba lilipouzwa kwa mwekezaji na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Wenzake walinunua mashine za kusaga au wakafungua vibanda vya mitumba pale Same, kando ya barabara kuu. Yeye alirudi nyumbani na kompyuta. Ilikuwa ya ofisi ileile aliyokuwa akifanyia kazi, imekwaruzika ubavuni, na alipoiweka mezani sebuleni majirani walikuja kuitazama kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.

Alikuwa na jambo lake. Baba yake, mzee Eliamini, alikuwa mtu wa idara ya maji tangu ujana wake, na alizijua ndiva zote za upande wao wa Milima ya Upare, yale mabwawa ya udongo na mawe ambayo watu huyaacha yajae usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Alijua kila mfereji unatokea wapi, unazunguka jiwe gani, unapita shamba la nani. Sasa magoti yalimkatalia kupanda mlima. Basi alikaa kando ya bintiye na kusimulia, naye Ernesta akachora kwenye skrini, mstari baada ya mstari, mara nyingine wakibishana hadi chai ikapoa. Ramani ikanenepa hata faili lake likakataa kuingia kwenye disketi. Ernesta akawa anasema atatafuta namna ya kulitolea nakala, na hakuitafuta.

Ndipo zikaja mvua za El Nino. Juu kule Kwamsengu, kijiji alichozaliwa Eliamini, mlima uliporomoka na kufunika mfereji mkubwa pamoja na banio lake, pale maji ya mto yanapogeuzwa kuingia mferejini. Huku Same bati lilivuja juu ya kabati, na michoro yote ya penseli iliyotangulia kompyuta ikageuka uji. Mvua zilipokatika, mto wa Kwamsengu ulikuwa umejaa, lakini mashamba ya chini yalianza kupasuka kwa ukavu.

Mwenyekiti wa kamati ya ndiva, Hezroni, aliteremka hadi Same kumwona mzee. Alimwamkia, akapewa kiti, akaeleza kwamba walitaka kuitisha msaragambo, kijiji kizima kitoke na majembe. Shida ni kwamba tope lilikuwa pana kama uwanja wa mpira na waliobaki kijijini walikuwa vijana. Kila mmoja alionyesha mahali tofauti.

Eliamini aliposikia hivyo uso ulimchangamka. Alimwambia bintiye awashe mashine. Ramani ikafunguka, Hezroni akainama mpaka pua ikakaribia kioo, na kwa kidole akaufuata mfereji kutoka banio hadi shamba la marehemu mama yake. Ernesta aliongeza alama pale tope lilipoanzia, akabonyeza kuhifadhi. Kabla haijamaliza kuandika, umeme ukakatika mji mzima.

Uliporudi alasiri, kompyuta ilitoa maandishi meupe juu ya skrini nyeusi. Ilisema haiwezi kuisoma diski.

Hezroni aliuliza kama ramani imekufa. Ernesta akatafuta disketi ya dharura iliyokuja na kompyuta, yenye programu ndogo ya kurekebisha diski, akaiwasha. Programu ilihangaika kidogo, ikatangaza kwamba imeona vipande vingi vya mafaili visivyo na mwenyewe, kisha ikauliza: itengeneze? Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibodi. Baadaye alisema kilichomzuia ni kazi yake ya zamani. Hakuwahi kuruhusu mtu achimbe shimo kabla ardhi haijapimwa, na programu hii ilitaka kuchimba bila kumwonyesha inachimba wapi. Akajibu hapana, akazima.

Asubuhi alilifunga sanduku la kompyuta kwa kanga mbili na kwenda nalo Mwanga, kwa kijana aitwaye Raymond aliyefungua darasa la kompyuta karibu na stendi. Raymond alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa boksi linalong'aa lenye picha ya daktari anayeipima diski kwa mirija ya masikioni. Programu hiyo, alisema, inafanya kila kitu yenyewe. Unabonyeza mara moja unakwenda kunywa chai. Ernesta akauliza kama ana nyingine. Raymond akafungua droo na kutoa disketi aliyopewa chuoni Dar es Salaam. Hiyo, alionya, haina hata rangi, ni ya kupima na kuonyesha tu, na kila hatua inakungoja wewe uamue.

"Wewe ungechagua ipi?" Ernesta aliuliza.

"Ya daktari, mama. Wateja wangu wote nawapa hiyo."

"Tuijaribu kwanza kwenye diski isiyo yangu."

Wazo hilo lilimfurahisha Raymond kuliko alivyotarajia. Alichukua diski mbili za zamani, wakazijaza barua za wanafunzi zilezile, kisha kila moja ikiwa katikati ya kuandika akachomoa waya wa umeme ukutani. Zote mbili zikaugua sawasawa. Walicheka kama watoto waliovunja kitu kwa ruhusa.

Daktari alianza. Alimaliza upesi, akaweka alama kubwa ya kijani na maneno ya pongezi. Raymond akafungua barua moja. Nusu ya kwanza ilikuwa ya kuomba kazi, nusu ya pili ilikuwa mwaliko wa harusi. Akafungua nyingine, ikawa hivyo hivyo. Akaitazama tena ile alama ya kijani.

Wakaweka disketi ya chuoni kwenye diski ya pili. Skrini ikajaa vijumba vidogo, kila kimoja kikiwa sehemu ya diski, kizima kikiwekwa nukta na kibovu kikiwekwa msalaba. Kilikuwa chakula cha macho kwa mchora ramani. Ernesta alivuta kiti karibu. Mwanzoni kabisa mwa diski aliona safu mbili zinazofanana kama pacha, moja ina misalaba, nyingine safi. Akauliza ni nini.

Raymond alieleza huku naye akielewa vizuri zaidi kadiri alivyoeleza. Kompyuta huandika jedwali linaloonyesha kila kipande cha faili kiko wapi, na huliandika mara mbili kwa usalama. Umeme ulikuwa umekatika jedwali la kwanza likiwa linaandikwa. La pili halikuguswa.

"Na daktari alisoma lipi?"

"La kwanza. Halafu akalinakili juu ya la pili." Raymond alijifuta uso. "Angefanya hivyo kwa diski yako, mama, tungekuwa tumeizika wenyewe."

Hapo hapakuwa na ubishi tena juu ya ipi ichaguliwe. Kwanza waliinakili diski ya Ernesta yote, vipande vizima na vibovu, kwenye diski nyingine kubwa ya darasani, ili wakikosea wawe na pa kurudi. Kisha wakaipima. Nukta zikaanza kutembea. Wanafunzi walioingia kwa somo la mchana walisimama nyuma yao na hakuna aliyekumbuka somo. Msalaba ulipotokea kwenye jedwali la kwanza Ernesta alishika ukingo wa meza. Nukta zikapita jedwali la pili, zote safi hadi mwisho. Raymond akaiambia programu ifuate la pili, ikamuuliza kama ana hakika, akamtazama Ernesta.

"Nina hakika," Ernesta alisema, na akabonyeza mwenyewe.

Ramani ilifunguka taratibu, kutoka juu kwenda chini: mto, banio, jiwe kubwa, mfereji ukishuka. Mifereji miwili midogo ya upande wa magharibi haikuwepo. Ilikuwa imeangukia kwenye misalaba michache iliyotokea mbele zaidi, ndani ya faili lenyewe. Ernesta aliona hivyo na bado machozi ya furaha yakamtoka mbele ya wanafunzi. Alipiga simu dukani kwa Nassoro, jirani yao, aliyekimbia kumwita mzee. Eliamini alishika simu akihema. Bintiye alimwambia mfereji mkubwa umerudi wote, miwili ya magharibi imepotea, nayo hiyo itabidi amsimulie upya.

"Nitakusimulia hata leo," alisema baba yake.

Siku ya msaragambo Eliamini alipanda lori hadi barabara ilipoishia, akaketishwa kwenye shamba la chini. Ernesta alipanda na karatasi iliyochapwa kwa Raymond. Walichimba mahali alipoonyesha, wakakuta udongo mtupu. Watu walianza kunong'ona, Hezroni akimtazama. Ernesta akaikunjua karatasi upya, akaipima kwa rula, na kugundua kwamba printa ilikuwa imeipunguza ramani ili ienee. Akakokotoa upya, akasogea juu ya mteremko na kuchomeka fimbo. Jembe la pili au la tatu liligonga jiwe, na kando yake jiwe jingine, yamepangwa kwa mkono.

Kelele iliyopigwa pale ilisikika ng'ambo ya bonde. Waliufuata ule mstari wa mawe siku ile na zilizofuata, mzee naye akirudishwa shamba la chini kila asubuhi, hadi banio likaonekana na Hezroni akaondoa kizuizi cha mwisho. Maji yaliingia yakiwa mazito, mekundu, yakisukuma majani na vijiti mbele yake. Ernesta akaanza kutembea kando yake, kisha yakamzidi, naye akapandisha kanga na kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini, akiruka mizizi na kuyaita majina ya mashamba yanapopita, hadi chini alipokuwa baba yake, ambaye alikuwa ameshavua viatu.