Chupa Ishirini na Nne

Seremala alikuwa amesukuma msumeno miaka kumi na tisa bila kupoteza hata ncha ya kidole, na hilo lilimfanya aiamini mikono yake kuliko maneno ya watu. Kwa hiyo rafiki yake, waliyemwita Povu, alipomfundisha kutengeneza bia nyumbani, alimsikiliza kwa sikio moja.

"Kila kitu ni joto, ndugu yangu," Povu alimwambia. "Digrii kumi na nane. Ikizidi sana, bia itanuka gundi. Ikishuka, hamira inalala. Ukidhani imemaliza kazi, umekwisha."

Friji kuukuu ilisimama koridoni, kati ya jiko na karakana. Ndoo ya bia ilikaa ndani. Nje kilining'inia kidude cha kuiwasha na kuizima friji, na waya wake mwembamba wa kupima joto ulitakiwa kupita mlangoni mpaka kwenye ndoo. Siku ya tano mapovu yalikoma. Seremala akaonja. Ilikuwa na utamu utamu. Akasema si kitu, ndiyo uchanga wake. Akatia sukari kidogo katika kila chupa ili ipate gesi, akagonga vizibo ishirini na vinne, akazipanga humo humo na kuizima friji.

Wiki ile jua liliwaka kama limetumwa.

Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa kazini, seremala alikuwa akipiga randa aliposikia mlio. Paa! Kisha vioo vikamwagika. Alielewa papo hapo: chupa ya bia imepasuka.

Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, alikuwa jikoni.

"Kuna kitu kimeanguka kwenye friji," alisema, na ndara zake zikaanza kuburuza kuelekea koridoni.

"Mama, usifungue!"

Lakini masikio ya mama hayakuwa yale ya zamani. Seremala alipotokea, mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye kishikio, mlango umeachia upenyo wa kidole.

Tangu aoe, hakuwahi hata kumpa mama mkwe kikombe kwa mkono mmoja. Sasa alimkamata kiunoni akamvuta, akaurudisha mlango kwa teke. Wakaanguka wote wawili. Ndani, chupa ya pili ikapasuka; friji nzima ikatikisika.

"Mkwe," mama alisema akihema sakafuni, "umeniburuta kama gunia la maranda."

"Nisamehe, mama. Twende nje. Twende kwanza."

Alimfikisha kwa jirani, akarudi nyumbani na kumpigia Povu simu.

"Ule waya wa joto ulikuwa wapi?" Povu aliuliza.

Seremala alichungulia koridoni, akaufuata waya kwa macho. Ncha yake ililala sakafuni, nje ya friji. Siku zote zile ilipima joto la korido, na friji ikapoza bila kupumzika. Hamira haikumaliza kazi. Ililala, na sasa jua limeiamsha ndani ya chupa zilizofungwa.

"Iwashe, ipoze mpaka mwisho. Usiifungue mpaka kesho," Povu alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Swichi ilikuwa hatua moja kutoka kwenye friji. Seremala alibeba ubao wa meza aliokuwa akiutengeneza, akajificha nyuma yake, akatambaa. Alipogusa swichi, chupa ya tatu ikapasuka. Alijikuta amejikojolea.

Kesho yake alivaa koti zito na kofia ya kuchomelea aliyoazima, akaachilia vizibo kimoja kimoja, pole pole, jasho jembamba likimtoka. Chupa ishirini na moja zilikuwa zimesalia. Mkewe alisimama mbali uani.

"Mama yangu," alisema.

Alipokuwa akifuta mlango kwa ndani, seremala aliona kipande cha kioo, kirefu kama kidole, kimezama kwenye plastiki. Alikichomoa kwa koleo. Kisha akapima kutoka sakafuni, kama apimavyo mbao. Kilikuwa usawa wa shingo ya mama mkwe.

Akakaa kwenye sakafu iliyolowa bia. Nje alimsikia mama akiuliza kama mkwe wake amekula.