Nta ya Juu ya Moto

Baba yangu, mzee Luhende, ni mrina asali wa Ipole, na nta yake ndiyo iliyoninyima shahada ya uzamivu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, kwa mdomo wangu huuhuu. Ningekuwa na haya ningeishia kwenye shikamoo.

Nilikuwa nachunguza fuwele. Si kito cha kuvaa shingoni, ni kalsiamu floraidi, kipande kidogo kama punje ya mtama, kilichotiwa chembe za gadolini, moja ya yale madini adimu ambayo wakubwa wa dunia wanagombania siku hizi. Unabandika fuwele kwenye kijiti cha kioo, unaiweka katikati ya sumaku kubwa, unairushia mawimbi, na gadolini inaitika. Mwitiko wake unachorwa kwenye skrini kama mistari. Ukizungusha kijiti mistari inahama, kwa sababu fuwele ina pande zake na kila upande una jibu lake. Mashine yenyewe iko nje ya nchi, na mimi nilipewa majuma mawili tu.

Cha kubandikia nilikwenda nacho. Likizo ya mwisho baba alinipa donge la nta aliloliweka juu ya moto wa jikoni mwaka mzima akinisubiri, maana moshi hufukuza nondo wanaokula nta. Niliposema litanifaa kwenye mashine, aliliyeyusha upya na kulichuja kwa kipande cha shuka jipya.

"Mama, nta safi hivi hata hao Wazungu wako hawajaiona," aliniambia.

Jumapili alisimama kanisani kwetu Moraviani, wakati wa shukrani, akawatangazia washarika kwamba nta ya Ipole inakwenda kufanya sayansi ng'ambo. Wakapiga vigelegele. Nilijifanya naona aibu, kumbe nimevimba kichwa.

Kwenye mashine niliona mistari ya gadolini niliyoitarajia, na katikati yake mstari mmoja zaidi, mwembamba, mkali, ambao sikuwa nimeusoma popote kuhusu fuwele kama hii. Nikazungusha kijiti nyuzi kumi, ishirini, tisini. Mingine yote ilihama, huo ukakaa palepale. Nikaamua kwamba ni elektroni iliyonaswa kwenye pengo ndani ya fuwele, mahali palipo sawa pande zote, ndiyo maana haijali kuzungushwa. Nikaujengea mstari huo sura mbili za tasnifu.

Fundi wa maabara alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyezeekea huko, Valentino. Siku ya kumi aliniambia, "Dada, pima na nta peke yake, bila fuwele. Ni nusu saa tu."

Nilikasirika. Nta ya baba yangu ipimwe kama mtuhumiwa!

"Hii nta naijua ilikotoka," nikamjibu.

Nusu saa hiyo nilikuwa nayo. Siku ya mwisho nilimaliza saa tisa alasiri, nikaenda kununua viatu vya mahafali.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja, Profesa Adelina, aliniuliza taratibu nilibandika fuwele kwa kitu gani. Nta, nikasema. Akauliza ilitunzwa wapi. Nikaanza kumweleza kwa madaha habari za jiko letu, na kabla sijamaliza neno moshi nikaelewa. Masizi. Masizi yana mstari huohuo, mwembamba, usiohama hata ukizungusha mpaka mkono uchoke, na mwanafunzi yeyote wa fani yangu anafundishwa hilo mwanzoni kabisa. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Sura mbili ziliondolewa, zilizobaki hazikutosha, na ufadhili ulikuwa umekwisha.

Nikapanda treni hadi Tabora, kisha gari la Sikonge mpaka nyumbani. Baba alinilaki mlangoni, anacheka peke yake kwa furaha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Enhe, nta yangu imefanya kazi?"

"Nta yako ndiyo imeniangusha," nikasema, begi bado liko begani. "Imejaa masizi ya jikoni. Mashine imeyaona."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini si niliichuja?"

"Masizi hayachujwi kwa shuka, baba."

"Ningejua, ningeiweka kwenye ndoo yenye mfuniko."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia habari za Valentino na ile nusu saa. Niliomba maji, nikaenda kuoga.

Jumapili, wakati wa shukrani, baba alisimama tena. Alikuwa amevaa koti lake la harusi na kitambulisho cha ushirika wa warina asali. Sikujua anataka kusema nini, naapa.

"Wapendwa, mwaka juzi nilisimama hapahapa nikajisifu," alisema. "Leo naomba msamaha. Nta yangu ilikuwa chafu, nimemharibia mtoto masomo. Naomba mtu asimlaumu Magreth. Yeye kazi yake aliifanya sawasawa."

Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono, akaubana kwa huruma. Nilikuwa nimevaa vile viatu vya mahafali, sikuwa na vingine vya kanisani. Nikavitazama mpaka baba alipokaa.